Wino wa Vidole Kumi

Wino haukutaka kutoka. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa mchanga wa korongoni, nikasugua kwa gunzi la hindi mpaka ncha za vidole zikawaka kama nimemenya pilipili. Bado vilikuwa vyeusi, vyote kumi, na weusi umeingia ndani ya mistari na kuzunguka kucha. Maji ya kibuyu yalikuwa yamekwisha, yamebaki ya kuwanawisha wageni tu. Mama alisimama mlangoni mwa tembe, kiganja juu ya macho, akitazama upande wa barabara ya Msalato.

"Wameshavuka korongo," alisema. "Watatu. Ruthu, acha, unajichuna ngozi bure."

"Watauona, mama."

"Basi paka unga."

Kwetu, binti anayeposwa ndiye anayewanawisha wageni. Anapiga magoti, anamimina maji, nao hawamtazami usoni kwa sababu si adabu. Wanatazama mikono. Mkono una mengi ya kusema: kama umezoea mchi, kama unatetemeka, kama una haraka. Siku hiyo wazee wa Gideoni, mchumba wangu, walikuwa wanakuja kwa mazungumzo ya mwisho kabla ya kuswaga ng'ombe wa mahari. Tuliwatarajia Jumapili. Asubuhi ile ya Alhamisi wakatuma mtu kusema wanafika mchana, maana mmoja wao alikuwa ameitwa kwenye kazi ya barabara na hakujua atarudi lini.

Nilichota unga wa uwele, nikajipaka mpaka vifundoni. Nyuma yangu mama aliingia ndani kumficha Methusela.

*

Methusela alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka ule wa hamsini na sita alikuwa na miaka kumi na minne hivi, lakini kimo chake kilikuwa cha mtoto wa tisa. Macho yake yaliinuka kidogo kwa pembeni, shingo ilikuwa fupi na pana, na ulimi ulipenda kuchungulia nje kama unaosikiliza. Siku hizi watu wanasema hali ya Down. Daktari aliyekuja kwetu alitumia neno jingine, lililotokana na jina la watu wa nchi ya mbali ambao hawakuwa na kosa lolote. Neno hilo limeachwa, nami sina haja ya kulirudisha.

Mkunga alipompokea alisema huyu hatakula mavuno ya kwanza. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, akambeba mpaka kanisani akampa jina la mtu aliyeishi kuliko wote katika Biblia. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya baba ya kubishana.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kiingereza, kijana bado, mwenye Kiswahili cha kitabuni na mabega yaliyoungua jua. Alikuwa amemwona Methusela hospitalini mjini tulipompeleka kwa ajili ya kifua. Hakukitazama kifua peke yake. Aliigeuza mikono yake akaitazama muda mrefu, akauliza tunakaa wapi. Jumanne ile akafika na gari, pamoja na dresa wa hospitali, mfunga vidonda, aliyeitwa Bartolomayo, na sanduku la mbao.

Ndani ya sanduku mlikuwa na utepe wa kupimia, kipande cha kioo, roli ndogo ya mpira, kopo la wino wa chapa, na chombo cha chuma chenye miguu miwili iliyopinda kama pembe za dume la ng'ombe. Cha chuma kilikuwa cha kichwa. Alimbana Methusela kwa upole kutoka sikio hadi sikio, kisha kutoka paji la uso hadi kisogoni, akataja hesabu na Bartolomayo akaandika. Alimpima amesimama, akampima amekaa. Akapima mkono kutoka begani, kiganja, kila kidole. Mimi nilishika ncha moja ya utepe. Nilikuwa nimemwogesha ndugu yangu tangu akiwa mtoto mchanga, lakini siku hiyo ndiyo niliona kwamba kidole chake kidogo kimepinda kwa ndani, na kwamba kina kunjo moja mahali ambapo changu kina makunjo mawili. Kati ya dole gumba la mguu na kidole kinachofuata palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole changu. Katikati ya kiganja, badala ya mistari miwili inayopishana, ulipita mmoja tu, moja kwa moja, kama njia ya ng'ombe kwenda kisimani.

"Na hii inamaanisha nini?" baba aliuliza.

Daktari alifikiri. "Inamaanisha kwamba wako wengine kama yeye. Kwetu Ulaya pia. Mikono yao inafanana kuliko inavyofanana na ya ndugu zao."

"Mimi nauliza jingine. Je, imetoka kwetu sisi?"

Bartolomayo aliacha kuandika. Mama alikuwa anapepeta mtama karibu na ukuta, na ungo ukasimama. Dada wa baba alikuwa amesema kwa miaka kumi na minne kwamba mama, akiwa na mimba, alimcheka kiwete njiani. Mama alisema hakumcheka. Alisema alimcheka mbuzi wake. Neno hilo lilikuwa limekaa nyumbani mwetu kama moshi, hakuna aliyelikohoa na hakuna aliyelizoea.

"Sijui bado," Daktari alijibu. "Ndiyo maana naomba mikono ya ninyi nyote. Tukilinganisha, huenda tukaona kama kuna kitu kinachopita katika ukoo, au hakuna."

Baba akavua shati la juu, akakunja mikono ya la ndani, akawa wa kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utaratibu, nami niliipenda, lazima niseme. Bartolomayo alitandaza wino kwenye kioo kwa roli mpaka ukawa mwembamba kama utando wa maziwa. Alichukua kidole, akakilaza kwa ubavu wa ukucha, akakiviringisha hadi ubavu wa pili, mara moja tu, bila kurudi. Vidole vya baba viligoma. "Legeza, mzee," Bartolomayo alimwambia. "Kidole kilichokaza kinaandika uongo. Jifanye umekufa kuanzia hapa." Akamgusa kiwiko. Baba akasema hajawahi kusikia maiti anayeambiwa alegeze, na hata mama akatabasamu.

Methusela peke yake hakuhitaji kuambiwa. Viungo vyake vilikuwa laini tangu kuzaliwa. Alitoa mkono kama mtu anayetoa kitu cha kula. Walipommaliza alidai warudie. Walipokataa, akaenda akaubandika mkono wake ubavuni mwa ndama mweupe.

Daktari alinipa lenzi nitazame karatasi. Vidole vyangu vilikuwa na mizunguko, kama vumbi la Agosti linapopanda katikati ya uwanja na kujizungusha. Vya Methusela vilikuwa vitanzi karibu vyote, vimelala upande mmoja, kama nyasi baada ya kundi kupita. Akanionyesha kwenye kiganja mahali mistari midogo inapokutana kutoka pande tatu, kama njia panda. Kwangu mahali hapo palikuwa chini, karibu na kifundo. Kwake palikuwa pamepanda juu, katikati ya kiganja.

"Unaona vizuri," aliniambia. "Wengi wanaona madoa tu."

Chupa ya spiriti ya kusafishia ilikwisha kwa Methusela, maana alifurahia ubaridi wake, akanyoosha tena na tena vidole ambavyo wala havikusafishika. Sisi wengine tuliambiwa sabuni itatosha. Nyumbani hatukuwa na sabuni, na hakuna aliyeona haja ya kuisema aibu hiyo mbele ya mgeni. Jumapili ilikuwa mbali.

*

Gideoni alikuwa fundi cherehani, mwenye mashine yake barazani mwa duka la Kamrudin, mjini. Nilimfahamu kwa sababu ya shati. Krismasi iliyotangulia nilimpelekea kamba yenye mafundo: fundo la shingo, fundo la bega, fundo la mkono. Sikujua kutumia futi. Aliinyoosha ile kamba kwenye meza, akapima, akapima tena.

"Dada, umekosea," alisema. "Hakuna mtu mwenye shingo hii na mikono hii."

"Sikukosea. Ni ndugu yangu."

Alinitazama. Kisha akashona kama kamba ilivyosema, bila kuuliza tena, na shati likakaa mwilini mwa Methusela kama halijawahi kukaa shati lolote. Nadhani nilimpenda kwa kutouliza kwake. Ilinichukua muda kujua kwamba kutouliza kuna sura mbili.

Wazee wake walikuwa watu wa upande wa Mpwapwa, hawakuijua nyumba yetu. Walipokuja mara ya kwanza, baba alimpeleka Methusela kwa bibi. Walipokuja mara ya pili, vivyo hivyo. "Wakishaleta ng'ombe watamjua," alisema. "Mtu hamwonyeshi mnunuzi ukuta ulioinama." Mara akajutia neno hilo, akatoka nje.

Mara ya tatu hapakuwa na nafasi ya kumpeleka kwa bibi. Mama akamwingiza chumba cha ndama, ndani ya tembe hiyohiyo, akakaa naye gizani, mlango umerudishwa.

*

Mgeni mwenye maneno alikuwa Mzee Chibago, baba mkubwa wa Gideoni, mrefu, mwenye koti la khaki lililofifia mabegani. Wenzake wawili walikuwa wa kuitikia tu. Walikaa kwenye vigoda, kivulini mwa ukuta.

"Mbukwenyi," alisalimu, na baba akaitikia. Wakaulizana habari za mifugo, za nyasi, za wagonjwa, pole pole, kama inavyopasa. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na kata na bakuli.

"Binti bado anasaga?" Mzee Chibago alisema aliponiona na unga wangu. "Au ndiyo mnatuonyesha kwamba kwenu njaa haifiki?"

Walicheka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimina. Tuna vumbi la Mpwapwa nzima viganjani."

Nilimimina. Nilikuwa nimefikiria unga, nilikuwa nimefikiria macho yao. Sikuwa nimefikiria maji. Yalimrukia yeye, yakanirukia mimi. Unga ukalowa, ukawa uji, ukaanza kuteleza. Vidole vikajitokeza chini yake kimoja baada ya kingine.

Mzee Chibago alikuwa ananawa huku akisimulia juu ya daraja lililobomoka. Daraja likaishia katikati. Alimaliza kunawa, akakung'uta mikono, akamgeukia baba. Hakumtazama usoni. Baba alikuwa ameificha mikono kwapani tangu wageni wakae, kama mtu anayesikia baridi, saa saba ya mchana.

"Nikodemo, ndugu yangu. Hebu nipe mkono. Naona hatukusalimiana vizuri."

Baba alikawia. Kisha akautoa.

"Nimekaa jela miaka mingi," Mzee Chibago alisema, akiwa bado ameushika, "upande wa funguo, namshukuru Mungu. Nikwambie ninachokijua? Dole gumba moja ni kodi. Ni kibarua, ni mtu asiyejua kalamu. Vidole kumi ni mfungwa. Nilivishika mwenyewe nikaviviringisha. Sasa nakuta baba kumi, binti kumi. Mama naye je? Mbuzi?"

Wenzake hawakucheka.

"Tuambie tu," akasema kwa sauti ya chini. "Tunakaribia kuwa watu wamoja."

Nilimwona baba akitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha ndama. Lilikuwa jicho fupi sana.

"Ni kesi ya ndama," alisema.

Sikuelewa mara moja. Baba huyu aliwahi kutembea mpaka Nzuguni kumrudisha mbuzi wa watu aliyejichanganya na wetu. "Ndama aliingia zizini mwangu," aliendelea, akitazama chini. "Nikamnyamazia. Mwenyewe akatushtaki sote tuliokuwa nyumbani. Itakwisha kwa faini."

Kisha Mzee Chibago akajipiga paja.

"Ndama! Nikodemo, umenitisha, nilidhani mmeua mtu!" Alicheka mpaka akajifuta macho. "Ndama ni jambo la wanaume. Babu yangu mimi alioa kwa ng'ombe wa watu, na mke huyohuyo ndiye aliyemzaa baba. Mzee wa kanisa na ndama! Mchungaji anajua?"

"Hajui," alisema baba, akacheka naye. Sikuwahi kukisikia kicheko hicho cha baba, wala sikukisikia tena.

"Hatutamwambia. Leteni togwa! Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fimbo yangu."

Ilikuwa imekwisha. Niliona wazi kwamba imekwisha, na kwamba imekwisha vizuri. Ng'ombe wangekuja. Ningekwenda kwa Gideoni. Watu wangesema baba aliiba ndama, na baada ya masika mawili wangesahau. Wenzake wawili sasa walikuwa wanacheka pia, kwa kuchelewa, na hapo, nyuma ya ukuta, Methusela naye akacheka. Ndivyo alivyokuwa. Alipowasikia watu wakicheka alicheka nao, hakuhitaji kuambiwa kisa. Kicheko chake kilipanda, kikakatika ghafla, kama kinavyokatika kicheko kilichozibwa na kiganja.

Wageni hawakukisikia, au walidhani ni mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na bakuli lenye maji machafu. Nilifikiria mkono wa mama mle gizani. Nilifikiria siku ya ng'ombe, na siku ya harusi, na siku nitakayojifungua na mama mkwe atakapokuja kutazama, na siku hizo zote mkono huo ukiwa mahali pale pale.

"Baba hakuiba," nilisema.

Sauti yangu ni ndogo tangu utoto. Ilibidi niseme mara mbili.

"Ruthu," baba alisema.

"Baba hakuiba kitu." Niliweka bakuli chini, nikaenda, nikaufungua mlango wa chumba cha ndama. "Methu. Njoo uwasalimie wageni."

Mama hakumzuia. Methusela alitoka amekunja macho kwa mwanga, majani makavu kichwani, shati la Krismasi limebana kidogo tumboni. Aliwasalimia wote watatu, kila mmoja kwa zamu, "Kamoo, kamoo," akamsalimia na baba, halafu akaenda kwa Mzee Chibago, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na koti, akamnyooshea viganja vyote viwili. Navyo vilikuwa vyeusi.

Yule mzee alivipokea. Ilikuwa mazoea ya kazi, naamini. Mikono yake ilifanya kabla hajafikiri. Alikigeuza kiganja juu, akakisogeza kwenye mwanga. Akautazama ule mstari mmoja. Akatazama na wa kiganja cha pili. Kidole chake gumba kikapita polepole juu ya kidole kidogo kilichopinda, mara moja, kutoka ubavu hadi ubavu.

"Huyu ni nani?"

"Ndugu yangu. Tumbo moja."

Nikawaeleza. Nilianza na sanduku la mbao nikamaliza na spiriti, bila kuruka kitu, kwa maana sijui kueleza kwa njia nyingine. Walinisikiliza. Methusela alikaa chini kando ya kigoda, akaanza kuhesabu vifungo vya koti kwa hesabu yake mwenyewe.

"Kwa hiyo Mzungu anatafuta kama kitu hiki kimo katika damu yenu," Mzee Chibago alisema.

"Ndiyo, baba."

"Amekiona?"

"Hajajibu."

Alisimama, wenzake wakasimama. Walikwenda kuongea kando ya boma la miiba, migongo kwetu. Togwa tuliyowaandalia ilikaa palepale, nzi wakaanza kuiona. Baba hakunyanyua uso. Mimi sikuweza kukaa wala kusimama. Niliokota vigoda, nikavirudisha nilipovitoa.

Waliporudi Mzee Chibago hakukaa. Alimwinamia baba kama mtu anayesema na mgonjwa.

"Kwa mwizi tungeoa, Nikodemo. Mwizi anatozwa faini, anaacha. Hili ni la wajukuu. Hatusemi hapana. Tutasubiri jibu la Daktari." Kisha, kwa namna ambayo mpaka leo sijui niiweke upande gani, alimpapasa Methusela kichwani, akamtoa majani, akaondoka nayo mkononi.

Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta kikafika zizini. Nilingoja baba anigombeze. "Ningeuzoea huo wizi, mwanangu," alisema hatimaye. Basi.

*

Jibu halikuja. Kila siku ya mnada nilitembea mpaka mjini, nikapita hospitalini kwanza. Bartolomayo alinionea huruma mpaka akaanza kunikwepa.

"Makaratasi yamekwenda Ulaya kwa meli," aliniambia siku niliyombana penye mlango wa dawa. "Huko yanalinganishwa na mikono ya watoto wa kwao. Ni kazi ya miaka, dada Ruthu."

"Na Daktari?"

"Amehamishwa."

Usingizi wangu ukaharibika. Nilianza kutazama mikono ya watu: sokoni, kanisani kwenye ushirika, ya mama akikoroga ugali. Nilitafuta kunjo, nilitafuta njia panda. Niliitazama yangu mpaka mistari ikaanza kutembea. Wino ulikuwa umeshatoka zamani, lakini vidole vyangu havikurudi kuwa vyangu kwa mwaka mzima.

Miaka mingi baadaye, baada ya uhuru, nilikuwa mhudumu wa zahanati. Kiingereza nilikuwa nimejifundisha kwa kamusi isiyo na jalada na kwa maboksi ya dawa. Huko ndiko nilikosoma kwamba mistari ya vidole huchorwa tumboni karibu na wakati mama anapoanza kumsikia mtoto akicheza, na kwamba chanzo cha hali ile ni uzi mmoja mdogo, wanaouita kromosomu, uliozidi ndani ya chembe za mwili. Kwa wengi haupiti katika ukoo. Huzidi tu, kwa mtu yeyote, popote. Mama alikuwa bado hai, nikamsomea. Akaniomba nirudie pale pa "mtu yeyote". Lakini mwaka ule wa hamsini na sita hakuna aliyekuwa amekijua kitu hicho, hata huko meli ilikokwenda. Mzee Chibago alikuwa anasubiri jibu ambalo halijazaliwa. Simlaumu. Wajukuu ni wajukuu.

Methusela alikula mavuno mengi. Alimzika baba. Alipofariki yeye, watu waliokuja kwetu Nkuhungu kutupa pole walijaa mpaka barabarani, na wengi sikuwafahamu.

*

Gideoni alikuja Novemba ya mwaka uleule wa hamsini na sita, kwa baiskeli, chaki ya cherehani bado iko sikioni. Tulikuwa shambani, mimi na Methusela. Yeye alitangulia na jembe, akichimba mashimo. Mimi nilifuata na kibuyu cha mbegu, nikidondosha na kufukia kwa mguu. Ardhi ilikuwa ngumu kama chungu. Mbingu haikuwa na hata kipande cha wingu.

Aliegemeza baiskeli kwenye kichuguu. "Habari za hapa."

"Nzuri. Za mjini?"

"Nzuri." Alimtazama Methusela aliyekuwa anakwenda mbele, akiimba. Huko ndiko alikoyaweka macho yake muda wote. "Kuna habari kutoka hospitali?"

"Hakuna."

"Wazee wanauliza."

"Na wewe?"

"Mimi nasubiri, Ruthu. Nimewaambia sitaki kuposa kwingine. Nitasubiri."

Alikuwa anasema kweli. Uso wake ulikuwa umekonda, na nilijua kwamba angesubiri mwaka, na mwingine, bila kunidanganya na bila kunichukua. Nilimwuliza, na jibu likija baya? Akachezea kengele ya baiskeli, bila kuipiga.

"Tutajua la kufanya," alisema.

"Usisubiri, Gideoni."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nakwambia tu usisubiri."

Aliinama akaokota udongo, akauponda kati ya vidole vyake vya fundi, ukamwagika kama majivu.

"Mnapanda nini hapa? Mvua hakuna."

"Uwele."

"Kwetu tunangoja inyeshe kwanza."

"Kwetu hatungoji. Ikija ikute mbegu."

"Isipokuja?"

"Tutapanda tena."

Alitikisa kichwa, si kwa kunicheka. Alisimama kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akaivuta baiskeli, na nikasikia mnyororo wake ukilalamika mpaka barabarani. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka, kwa hiyo nilitazama mbele, na mbele Methusela hakuwapo.

Alikuwa amekwenda mbali. Hakuna aliyemwambia asimame, basi hakusimama. Mstari wake ulikuwa umenyooka mwanzoni, ukapinda kulia, ukavuka mpaka wa miiba, ukaingia shamba la jirani, na bado nililiona jembe likipanda na kushuka, na vumbi dogo likiruka kila liliposhuka. Nilimwita. Upepo ukaichukua sauti yangu.

Nikakishika kibuyu vizuri, nikayafuata mashimo, mbiombio, nikitia mbegu.